Hodi ya Tatu

Katika nchi ile hajatokea shujaa aliyefika duara la mwisho na mikono safi kama yangu. Mara kumi na saba nimefika, bila kumgusa mtu hata ukucha. Haya, mara tatu. Na katika hizo tatu, moja nilikuwa nimenasa kichakani, simu imeganda, na waliopita walidhani na mimi ni kichaka. Lakini aliyefika kafika, na kichaka nacho hakijaua mtu.

Nchi yenyewe iko ndani ya simu. Au simu iko ndani yake, siku hizi sina hakika. Nikizinduka kitini hukuta kidole gumba changu bado kinatembea. Niliingia siku niliyokuwa natafuta redio. Nikabonyeza pasipo penyewe, nikajikuta ndani ya ndege na watu tisini na tisa, kila mtu na mzigo mgongoni, hakuna anayemwamkia mwenzake. Nikasema, hamjambo wenzangu? Wote wakanigeukia kama niliyekohoa msibani. Kisha mlango ukafunguka, tukamwagwa chini kama pumba.

Sheria yake ni fupi, hata mtu wa darasa la nne kama mimi anaielewa, na hilo la nne lenyewe nililisoma dirishani nikitazama mbuzi. Watu mia mnaanguka. Moto unawazunguka duara, unabana, unabana. Mnauana hadi abaki mmoja. Jua limesimama saa kumi za alasiri, halisogei, kivuli chako kimelala ubavuni kwako tangu mwanzo hadi mwisho kama mbwa asiyetaka kuamka. Na juu ya kila kichwa inaelea namba: idadi ya uliowaua. Wapo wenye hamsini, wapo wenye mia nne, wanatembea shingo zimekaza kama wamebeba ndoo. Yangu mimi ni sifuri.

Mwalimu aliponipa sifuri nilikuwa na miaka tisa, nililia njia nzima. Sasa nimezeeka, naipeleka sifuri yangu mbele za watu kama mtu apelekaye sinia la harusi. Ndivyo nchi ile ilivyo. Mara nyingine naruka kutoka kwenye ndege nikiwa yule wa miaka tisa, gauni la shule, daftari kifuani, halafu natua nina sabini na mbili na goti la kushoto halitaki kukunjuka. Katikati ya kuruka na kutua umri wote umepita, na sikumbuki niliutumia kwa nini. Jana na kesho kule ni mlango mmoja unaofunguka pande mbili. Unausukuma ukidhani unatoka, kumbe ndiyo unaingia.

Watu husema kufa kule ni mchezo tu, unakufa unarudi. Kurudi unarudi. Lakini unarudi umepungua. Nimemwona mtu karudi hajui tena kupiga mluzi. Anakunja midomo, upepo unatoka, wimbo hautoki. Mwingine karudi hana harufu ya nyumba aliyozaliwa. Mwenyewe haoni, maana ulichosahau hakikuachii shimo la kuchungulia. Wanaoona ni wenzako.

Nimechoka. Sijachoka kwa kukimbia; mie sikimbii, moto ukija natembea nao bega kwa bega. Nimechoka kwa kutoua. Kuua kunataka kitufe kimoja. Kutoua ni kazi ya kutwa. Lazima umwone mtu, umwache, halafu umwone anavyokushangaa, halafu umweleze, halafu akuulize mara ya pili, halafu akupige kofi la bunduki kwa sababu maelezo yako marefu. Bunduki ya kwanza niliyookota niliifanya mkongojo. Ya pili nilifungia mlango wa banda uliokuwa unabamiza kwa upepo. Ya tatu sikuiokota.

Kazi yangu ilikuwa moja. Kupita nyumba kwa nyumba nikipiga hodi.

Mnacheka. Chekeni. Nyumba za kule zimejaa watu waliojibanza nyuma ya milango, pumzi wameimeza, kidole kwenye kitufe, wanamngoja atakayeingia kichwakichwa. Mimi siingii kichwakichwa. Mimi nimelelewa. Nikifika mlangoni navua viatu, vile vya kijeshi wanavyokuvisha kwenye ndege bila kukuuliza saizi. Naviweka pembeni sambamba, nasimama ubavuni mwa mlango nisichungulie ndani mwa watu, nasema: Hodi. Kimya. Nangoja kiasi cha mtu kujifunga kanga. Nasema: Hodi, wenyewe. Kimya, ila sasa kimya kile kina watu. Nangoja tena. Halafu naivuta ile ya tatu, ndefu, ya jirani aliyekuja kuomba moto: Hodiii.

Hapo ndipo. Mtu aliyelelewa, umfunike kofia ya chuma, umpake masizi usoni, umwambie atakufa akifungua kinywa. Hodi ya kwanza ataihimili, ya pili ataihimili, ya tatu ulimi utamponyoka. "Karibu!" Halafu unasikia kofi, anajipiga mdomo mwenyewe.

Basi naingia, naketi chini, namwuliza habari za nyumbani kwao.

"Bibi, wewe huna silaha?" wataniuliza.

"Ninayo, mwanangu, ila ni mkongojo."

Wanacheka, kicheko cha mtu aliyesahau kwamba alikuwa anaogopa. Kisha nawaelekeza barazani. Kuna nyumba moja isiyo na paa katikati ya uwanda, tumeifanya baraza. Mnaacha bunduki nje kama mnavyoacha ndara msikitini, mnaketi, mnazungumza, na moto ukifika unawakuta pamoja. Moto haupunguzi mtu. Huo ndio ujanja wake niliougundua: ukichukuliwa na moto unarudi mzima, na chako chote. Anayepunguza ni binadamu mwenzio tu.

Kwa hiyo hodi yangu ilikuwa ukombozi. Niliiona hivyo. Nikawa napita nchi nzima jua limesimama, hodi hapa, hodi pale, na nikajiuliza swali ambalo halikunitoka tena: mwenye nguvu ni nani, anayeogopwa au anayeitikiwa? Anayeogopwa, mtu humfungia mlango. Anayeitikiwa, mtu humfungulia mwenyewe, kwa mkono wake, tena kwa adabu. Fikiri hapo. Mimi nilifikiri nikasikia baridi, nikaacha kufikiri, nikaenda nyumba ya pili.

Sasa Ngwali.

Ngwali ni mtu mzima, ndevu zina mvi tatu nne, sauti ya mpole, juu ya kichwa namba mia nne na kumi. Anakaa juu ya kilima na bunduki ndefu yenye kioo cha kulengea. Nilimkuta huko siku nilipopanda kutafuta upepo. Alikuwa ameshika kikombe cha chai. Kule hakuna chai, lakini ilikuwa inatoa mvuke.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Wafanya nini huku juu peke yako?"

"Nakusikiliza wewe."

"Mie si redio."

"Bora wewe. Redio haiitikiwi." Akapuliza chai yake. "Nakushukuru sana, bi mkubwa. Nyumba zote zile, mimi kutoka hapa siwezi kujua ipi ina mtu na ipi haina. Lakini wewe ukipita..."

Akacheka, hakumaliza.

Nami nikateremka. Maneno yasiyomaliziwa si kosa la msikilizaji. Huenda alitaka kusema nikipita anafarijika. Wapo watu wanaopenda kusikia sauti ya mama mtu mzima. Ni kweli kwamba mara nyingi nikishaagana na mwenyeji vizuri, hatua ishirini hivi, nilisikia *tah!* kutoka kilimani, nikigeuka mlango uko wazi na mtu hayupo. Nikasema, vita hivi, jamani. Nikavaa viatu vyangu, nikaenda mlango wa pili.

Sikujua.

Kujua ni nini?

Kujua ni mtu akuambie, nawe uitikie. Mie sikuitikia.

Haya, tuyaache. Nirudi nyumbani kidogo, maana yanayoumiza kule mzizi wake uko huku.

Marehemu mume wetu Vuai alituachia sisi wake zake wawili nyumba moja, vyumba viwili, ukuta mmoja. Chumba hiki mimi, mkubwa. Chumba kile Kazija, mdogo, ingawa na yeye sasa meno yamebaki ya kuhesabu. Ukuta hautoshi kuzuia hata chafya. Nilipoanza kwenda katika nchi ile, Kazija akasikia milio, akauliza ni nini, nikamwambia ni mawaidha. Baada ya siku mbili nasikia milio ileile inatoka kwake, imechelewa kidogo, kama mwangwi. Mke mwenza hakuachii jambo ulifaidi peke yako, hata liwe vita.

Yeye naye hajaua mtu. Si kwa huruma, hajakipata kitufe. Lakini kufa alikufa, tena mno, maana alikuwa akiruka kutoka kwenye ndege anawafuata wenye kelele, akidhani ni harusi.

Na kila alipokufa alikuja mezani amepungua. Kwanza ilikuwa chumvi. Akatia mara mbili, akatia mara tatu, tukala nikidhani ni vita vyetu vya kawaida. Kisha ikawa njia ya kisimani. Kisha marehemu. Akasema, "Yule bwana mrefu wetu." Mwezi ukapita akasema, "Yule bwana." Siku moja nikataja Vuai, nikamtazama, nikaona anatafuta la kujibu kama mtu anayepapasa ufunguo chini ya mkeka. Hakupata. Nikasema nimekosea, nilitaka kusema vitunguu.

Kilichobaki kichwani mwake kizima, bila ufa, ni mimi. Mimi na kinu. Kila asubuhi anasimama mlangoni kwangu, mkono kiunoni:

"Mwizi wee! Rudisha kinu changu."

"Kinu kipi tena? Hicho nilikuja nacho kwa mama yangu."

"Mamako alikuwa na kinu? Mamako alikuwa akitwanga kwa mdomo!"

Miaka thelathini na moja. Na kinu ni chake kweli, nilikichukua mwenyewe wiki ya kwanza alipoolewa, nimtie adabu. Sasa nakitazama pale pembeni, kimepasuka mdomo, sijakitumia tangu zamani, na siwezi kukirudisha. Nikikirudisha hatakuwa na la kuja kuniambia. Na akifa tena kule, mara moja tu, hesabu ni rahisi hata kwa mtu wa dirishani: hakuna kingine cha kuchukuliwa. Atasimama mlangoni kwangu asubuhi, mkono kiunoni, halafu atauliza, samahani mama, hapa ni kwa nani?

Nimemwambia aache kwenda. Anasema niache kwanza mimi.

Basi siku hiyo ninayoisimulia, au kesho yake, tukaruka. Mimi huku kitini, yeye kule kitandani, na wote wawili angani, parachuti zetu zimepishana kama kanga kambani. Nilipotua nikamsikia anapaza sauti kupitia ukuta, ukuta wa nyumbani, sauti ya nyumbani:

"Wee Siwatu! Mimi nimejificha nyumba ya mlango wa kijani. Usije ukanisumbua!"

Ndivyo anavyojificha.

Mtaa wa kule ulikuwa na nyumba saba. Kilimani kule kioo cha Ngwali kilimeta, kikazimika. Nyumba ya kwanza nikavua viatu, hodi, hodi wenyewe, hodiii. Karibu! Nikaketi na kijana wa kike aliyekuwa na mafua, nikamwelekeza barazani, tukaagana. Hatua ishirini. *Tah.* Nyumba ya pili haikuwa na mtu. Ya tatu kulikuwa na ndugu wawili, waliitikia kwa pamoja wakaanza kugombana nani kaanza. *Tah. Tah.* Vita hivi, jamani. Ya nne, ilikuwa ya mlango wa kijani, nikaipita tu, goti. Ya tano hodi, karibu, *tah*. Ya sita na ya saba, goti lilishapata nafuu, nikazipiga hodi vizuri tu.

Changarawe za kule zina moto, sijui kwa nini siku zote sikuwahi kuzisikia, siku ile zilinichoma nyayo njia nzima mpaka barazani.

Barazani walikuwa wachache kuliko wale niliowaelekeza. Hili nalo nilikuwa nalizoea. Lakini siku hiyo hawakuwa wameketi. Walikuwa wamesimama, na mbele yao amesimama mwanamke mmoja wa makamo, Mwanamvua, niliyempigia hodi mzunguko uliopita. Aliniitikia karibu, tulicheka sana mimi na yeye. Kisha akafa. Sasa karudi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwanamvua. Umerudi salama?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza. Nina mtoto mchanga. Nilikuwa namwimbia alale. Jana nimempakata, nikafungua mdomo, hakuna kitu. Analia, na mimi namtazama. Wimbo wa mama yangu ule, na wa mama yake. Umekwenda wapi?"

Hapakuwa na mzaha wa kumpa. Nilitafuta, wallahi nilitafuta, nina mzaha wa kila msiba, lakini msiba ule ulinikuta kapu tupu.

"Pole, mwanangu."

"Sitaki pole. Tumekaa hapa tumehesabu. Kila aliyekuitikia hodi, isipokuwa hawa waliokimbia bila kugeuka, alipigwa kutoka kilimani. Asiyeitikia hakuguswa. Sauti yako inamwonyesha yule mtu mlango wenye watu. Nakuuliza mbele ya hawa wote. Ulijua?"

Wote wakatazama juu ya kichwa changu. Pale palipokuwa na sifuri yangu, duara lake jembamba, safi, kama shanga. Miaka yote ile watu walikuwa wakiketi chini ya sifuri ile wakapumua. Nikawaona wanaitazama kama mtu anavyotazama bakuli aliloliazima jirani, kama limerudi na ufa.

Na mimi nikafikiria nini? Nikafikiria kwamba salamu haina risasi. Kwamba mkono wangu haujabonyeza. Kwamba kama mtu anaitumia adabu yangu kama kurunzi, kosa ni la kurunzi au la anayepiga? Maneno mazuri, nilikuwa nimeyapanga siku nyingi, na mtu hapangi jibu la swali asilolitarajia. Nilikuwa nimechoka mno, wallahi. Ningekaa chini hapo hapo nikasema ndiyo. Mdomo ulishafunguka.

"Sikujua," nikasema.

"Hukujua."

"Ningejua vipi? Mie napita na njia. Napiga hodi kila mlango, simbagui mtu, simchagui mtu. Ningekuwa najua kwamba hodi yangu inaua, si ningewanusuru hata wangu?"

"Kila mlango?"

"Kila mlango wa mtaa ule, Mwanamvua. Yote saba. Hakuna niliouruka."

Nikaona mabega yao yanalegea. Wanataka kuniamini, masikini, kuniamini kunapumzisha. Mmoja akaanza kuketi. Moto kwa mbali ulikuwa unavuma, bado saa moja hivi ya ile saa kumi isiyokwisha.

Kisha nikasikia, kupitia ukuta wa nyumbani, kitanda kinalia *kwi*, mtu mzito anajigeuza. Na pale penye mlango wa baraza usio na ubao akatokea askari mfupi, kofia ya chuma imemfunika hadi puani, anatembea kwa nyonga kama Kazija, maana ni Kazija. Mkononi hakushika bunduki. Alikuwa amening'iniza viatu viwili kwa kamba zake, vya kijeshi, vikubwa, visigino vimelika upande wa goti bovu.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyeitikia. Wote walitazama viatu, kisha polepole wakatazama miguu yangu. Nami nikaitazama. Vidole vyote kumi, vyeusi kwa masizi ya changarawe.

"Nilikuwa nyuma ya mlango wangu," Kazija akawaambia, "nimekaa nangoja hodi, kinywa nimekitengeneza. Naona kivuli cha miguu kinafika chini ya mlango. Naona mtu anavua viatu, anaviweka sambamba. Nasema huyo, ataanza. Kimya. Amesimama, amesimama, nasikia anavuta pumzi ya kusema, anaimeza. Halafu kaondoka anachechemea, kaviacha." Akanigeukia. "Milango yote wapiga hodi, wangu una ukoma?"

"Sijapita kwako mimi," nikasema. "Hivyo si vyangu."

"Si vyako!" Akavitupa miguuni pangu, vikaangukia sambamba kama vilivyozoea. "Nimesahau mengi, sijui hata nimesahau nini. Lakini visigino vya mwizi wa kinu changu nivisahau? Vaa, utaunguzwa bure."

Mwanamvua alikuwa ananitazama usoni sasa, si juu ya kichwa. Kazija mkono kiunoni. Nikainama kuvaa, nikazifunga zile kamba, nikazifungua, nikazifunga tena.